Jumamosi Niliyokuwa na Digrii

Jumamosi iliyopita, kutoka saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, nilikuwa na digrii. Ilikuwa imeandikwa kwa beji, chini ya jina langu: Shahada ya Biashara. Beji ilining'inia kifuani kwa kamba ya bluu na hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza kama ni kweli.

Wale mnanifuata tangu kitambo mnajua sina. Hadithi yangu mmeisikia hadi mmechoka: nilikuwa mwaka wa pili, nikaona napoteza wakati, nikachagua kutoka, nikaanza kontenti, na leo nalipa nyumba yangu mwenyewe. Video ya "Digrii ni karatasi tu" ndiyo iliyonifikisha hapa. Imetazamwa zaidi ya mara laki mbili. Ilinipa kazi yangu ya kwanza ya kutangaza bidhaa za watu, na ilinilipia godoro ninalolalia.

Leo naandika badala ya kurekodi. Mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Tangazo liliingia kwa simu usiku mmoja. Vyuo vya biashara kutoka nje na vya hapa kwetu vinakutana na wanafunzi watarajiwa wa MBA, hoteli fulani pale Westlands, kiingilio bure. Hapo hapo nikaona kontenti. Naingia kama mteja, narekodi kidogo kidogo, nawaonyesha venye watu wenye digrii wanapanga foleni kununua karatasi ya pili. Kichwa nilishakiandika kabla hata sijajiandikisha: "Wananunua karatasi juu ya karatasi." Nilijua itatembea.

Fomu ya kujiandikisha iliuliza jina, barua pepe, miaka ya kazi, kozi uliyosoma na mwaka uliohitimu. Kwa mwaka kulikuwa na kanyota kekundu, usipojaza haikuruhusu kuendelea. Nikachagua mwaka ambao wenzangu wa darasa walihitimu. Nikabonyeza. Kitu nilichokimbiza miaka miwili na kikanishinda, nilikipata kwa kidole gumba.

Siku mbili kabla ya hiyo Jumamosi, kijana mmoja akaniandikia inboksi. Ujumbe mfupi tu. Alisema yuko mwaka wa kwanza, ameamua harudi muhula ujao, video zangu zimemfungua macho, asante bro. Nilifanya nini? Niliweka kopa nyekundu, nikazima simu, nikalala. Nakiri.

Jumamosi nikaazima koti la suti kwa jirani yangu anayefanya kazi benki. Mikono ilikuwa mirefu kidogo, nikaikunja kwa ndani. Nikapanda matatu hadi tao, nikapanda nyingine hadi Westlands, nikatembea kipande kilichobaki juu sikutaka kushushwa na bodaboda mlangoni mwa hoteli nikiwa na koti la watu.

Mlangoni msichana akatafuta jina langu kwa orodha, akachapisha beji, akanivisha kama medali. "Karibu sana." Nikaiangalia. Sitawadanganya, kuna kitu kilinishika kooni. Jina langu sijawahi kuliona karibu na hilo neno.

Ndani kulikuwa na meza kama ishirini, kila moja na chuo chake, brosha za karatasi nzito, kalamu za bure, peremende kwa bakuli. Watu walikuwa kama mia mbili hivi. Wahasibu, watu wa benki, wahandisi, watu wa mashirika. Wengi walikuwa na miaka kama 28 hadi 35, na walikuwa na ule uchovu wa mtu ambaye kazini amefika mahali ngazi imeisha. Nilitarajia kuwacheka. Lakini ukisikiliza foleni unasikia vitu vingine. Mmoja anasema bosi wake amekuwa bosi miaka tisa na hana mpango wa kutoka. Mwingine anasema amefundisha watu watatu kazi na wote wamepandishwa cheo wakamwacha hapo.

Mimi kazi yangu ni kuuza, kwa hivyo mauzo nikiyaona nayajua. Wale walikuwa wanauza, na walikuwa wazuri. Hakuna anayekutajia bei kwanza. Anaanza na jina lako. Alafu unafanya kazi gani. Alafu unajiona wapi miaka kumi ijayo. Ukishajiona huko, anakufungulia brosha kwa ukurasa wa picha: watu wa rangi zote wamekaa kwa nyasi wanacheka. Bei iko nyuma kabisa, kwa herufi ndogo. Hata mimi nikitangaza kitu naweka bei mwisho.

Lakini nilifanya hesabu zangu, na ziko hivi. MBA si kitu kipya, Harvard walianza kuitoa mwaka 1908. Pale kwao ni miaka miwili, na karo peke yake ni zaidi ya dola 70,000 kwa mwaka. Dola ikiwa karibu shilingi 129, hiyo ni zaidi ya milioni 9 kwa mwaka mmoja, kabla hujalala mahali wala kula. INSEAD ya Ufaransa wao wanamaliza kwa miezi 10, kwa hivyo unakosa mshahara muda mfupi zaidi, lakini bado ni mamilioni. Vyuo vya hapa Nairobi ni nafuu sana ukilinganisha, na unaweza kusoma jioni au wikendi huku unaendelea na kazi.

Kabla ya hayo yote, vyuo vingi vya nje vinataka ufanye mtihani wa GMAT au GRE. GMAT ya sasa ni maswali 64 kwa saa 2 na dakika 15, alama zinaanzia 205 zinaishia 805, na kuufanya mara moja tu ni karibu dola 300. Yaani kuna mtu analipa kodi ya nyumba ya miezi kadhaa ili aulizwe kama anafaa kuulizwa.

Hayo yote nilikuwa naandika kwa simu, nimetabasamu. Video ilikuwa inajiandika yenyewe.

Alafu saa nne na nusu wakatuita kwa ukumbi wa pembeni. Profesa mmoja alikuwa anatoa darasa la kuonja, dakika arobaini, tuone vile wanafundisha. Alieleza kwamba vyuo vya biashara havikupi kanuni ukariri. Vinakupa kisa cha biashara ya kweli, mnakisoma usiku, asubuhi mnabishana darasani, na sehemu ya alama yako inatoka kwa mdomo wako. Alafu akaweka picha ukutani. Kibanda cha kijani. M-Pesa.

Watu wakacheka kidogo. Sisi kulipia kufundishwa M-Pesa?

Akauliza swali moja tu. Mwaka 2007 huduma hii ilipoanza, mtu alimpa mgeni kwa kibanda pesa taslimu na akapata nini? Ujumbe mfupi kwa simu. Kwa nini alikubali?

Mtu wa benki akasema ni teknolojia rahisi. Mwingine akasema kampuni ilikuwa tayari na jina kubwa. Mwingine akasema benki zilikuwa mbali na zilikuwa na makato. Yote ni kweli. Profesa akawa anaandika kwa ubao, anatikisa kichwa, anangoja.

Mkono wangu ukajiinua. Sijui nani aliuinua.

Mathee amekuwa wakala wa M-Pesa karibu maisha yangu yote ya shule, kwa soko letu huko Bungoma. Nimelala chini ya ile kaunta. Kwa hivyo nikamwambia profesa: watu hawakuwa wanaamini simu, walikuwa wanaamini kitabu. Wakala alikuwa na kitabu kikubwa, ukiweka pesa anaandika jina lako, nambari ya kitambulisho, kiasi, na unatia sahihi. Mtu wa kijijini akishatia sahihi anajua ana ushahidi. Na mwenye kitabu si mgeni. Ni mama fulani, nyumba yake inajulikana.

Akaniuliza, na shida kubwa ya huyo mama ilikuwa nini? Nikamwambia floti. Siku ya soko watu wanauza ng'ombe na mahindi, wote wanaleta pesa kuweka, floti ya kwa simu inaisha saa nne asubuhi na droo imejaa noti. Wakati wa karo ni kinyume: kila mtu anatoa, noti zinaisha, floti imejaa na huwezi kumpa mtu floti mkononi. Mathee alikuwa anafunga noti kwa leso, anapanda bodaboda nusu saa hadi benki, anarudi mbio kabla wateja hawajaenda kwa jirani. Kila dakika kibanda kimefungwa anapoteza kamisheni. Kwa hivyo akafanya mpango na mama wa duka la mbolea. Huyo alikuwa na noti wakati mathee hana, na alitaka floti ya kulipa wanaomletea bidhaa. Wakawa wanabadilishana kwa neno tu.

Ukumbi ulinyamaza. Profesa akaandika kwa ubao: usimamizi wa fedha taslimu. Akaniambia, na nitakumbuka, kwamba hilo ndilo jibu ambalo kisa chote kinalitafuta, na kwamba darasa bila mtu kama mimi ni watu wanaokubaliana.

Nilikuwa sijasifiwa na mwalimu tangu Form Four.

Tulipotoka, maafisa wawili walinifuata. Mmoja akanipa kadi yake, akasema niombe nafasi mwaka huu, kuna ufadhili wa wanafunzi kutoka Afrika. Akaangalia beji yangu. "Ulihitimu juzi tu, ungoje miaka miwili mitatu hivi upate uzoefu, lakini tuanze kuongea." Nikasema asante. Nikaweka kadi kwa mfuko wa koti ambalo si langu.

Saa ya chai nikachukua sambusa tatu nikatafuta kona. Kwa ile meza alikuwa amekaa dada mmoja Mkenya, miaka kama arobaini, viatu amevua chini ya meza. Alikuwa mwanafunzi wa zamani wa chuo kimoja cha huko Ulaya, amealikwa aje aongee na watu. Alikuwa amechoka kuongea na watu.

"Wewe ndiye wa floti," akasema.

"Ni mimi, madam."

"Keti. Na usiniite madam, nimeitwa madam tangu asubuhi. Sasa, kwa nini unataka MBA?"

Nikatoa jibu. Kukuza ujuzi, kupanua upeo, mambo ya bara la Afrika. Lilitoka vizuri juu nilikuwa nimelisikia kwa foleni asubuhi nzima. Alitafuna sambusa akaniangalia.

"Sawa. Kwa nini sasa?"

Nikatoa lingine.

"Na hiyo digrii ya kwanza, ulikuwa unaipenda? Nani alikufundisha vizuri? Mradi wako wa mwisho ulikuwa nini?"

Hapo ndipo nilisimama. Sikuwa nimeandaa mradi wa mwisho. Angeniuliza chuo gani ningetaja. Angeniuliza alama ningebuni. Lakini mradi wa mwisho hufanywa mwaka wa nne, na mwaka wa nne mimi siujui unanuka vipi. Nilikaa na sambusa mkononi. Alafu nikageuza beji ikaangalia nyuma.

"Sina," nikasema. "Niliacha mwaka wa pili."

Nilitarajia aite askari. Akaniuliza kama nitakula ile sambusa ya tatu.

Alafu akasema, "Kunidanganya mimi hakuna shida. Mimi si chuo. Lakini vyuo vingi hapa vinataka cheti cha digrii ya kwanza, na watakiangalia kama ni cha kweli. Kwa hivyo hapa umekuja kufanya nini?"

Nikamwambia ukweli wote: kontenti, video, karatasi juu ya karatasi. Akacheka. Akasema kichwa ni kizuri. Akasema pia kwamba nusu ya video yangu ingekuwa sawa. Yeye alikopa ili asome, deni alilipa miaka saba, na kuna masomo ambayo hakumbuki hata jina. "Kama mtu anafikiri analipia masomo, ameibiwa. Masomo mengi unayapata kwa simu bure. Kazi yangu ya kwanza nikirudi nilipewa na jamaa aliyekuwa akikaa nyuma yangu darasani. Ya pili nilipewa na rafiki yake. Nililipia viti viwili vya nyuma yangu."

Nikamwambia basi ni sawa na ninayosema: karatasi ni karatasi.

"Hapana," akasema. "Wewe unasema uliacha karatasi. Mimi nakuuliza uliacha watu gani. Na kwa nini hasa ulitoka? Usinipe ile ya video."

Nikaanza kusema nilichagua. Neno likakwama.

Akaendelea kuvaa viatu. "Kwa mahojiano ya vyuo hivi swali fulani halikosekani: tuambie wakati ulishindwa. Nimesaidia kuhoji watu miaka mitano. Karibu kila mtu anatoa jibu la uongo. Nilishindwa juu nilijituma kupita kiasi, nilishindwa juu napenda kazi ifanyike vizuri sana. Wewe unalo la kweli na umelifunga kwa karatasi ya zawadi unaliuza." Alafu mtu akamwita, akaenda. Sikupata hata jina lake vizuri.

Sasa niwaambie ile hadithi bila muziki wa chini.

Sikuchagua. Mwaka wa pili, muhula wa kwanza, matokeo yalitoka na masomo mawili hayakuwa na alama. Mitihani niliifanya, nilitia sahihi kwa karatasi ya mahudhurio. Yeyote aliyesoma chuo hapa Kenya anajua hiyo shida, alama zinapotea hewani na mwenye kuzitafuta ni wewe. Nilimfuata mhadhiri mmoja miezi minne. Akaniambia niende idarani. Idarani wakaniambia nimtafute mhadhiri. Wakati huo baki ya karo ilikuwa imefika 61,500, juu mwaka huo mathee alifunga kibanda miezi miwili akiuguza nyanya. Muhula wa pili sikupata kadi ya mtihani. Nilisimama nje ya ukumbi na wenzangu wakiingia, mmoja mmoja, na wengine hawakuniangalia, si kwa ubaya, ni kwa haya.

Nilirudi hosteli nikapanga nguo. Hakuna barua niliyoandika, hakuna mtu niliyemuaga. Wiki mbili baadaye nikarekodi video ya kwanza kwa kitanda cha binamu yangu, nikasema nimechagua kutoka. Ilikuwa rahisi kusema hivyo kuliko kusema nimefukuzwa na elfu sitini na moja na mia tano. Watu wakapiga makofi. Ukipigiwa makofi mara ya kwanza kwa uongo, mara ya pili si uongo tena, ni kazi.

Na kuna jambo lingine nataka kurekebisha, juu nimelitumia kwa video tatu. Bill Gates. Ni kweli aliacha Harvard mwaka 1975. Ambayo sikuwaambia ni hii: alipotoka, yeye na Paul Allen, rafiki yake wa shule ya upili, walikuwa tayari wameandika programu ya kompyuta ya Altair na mnunuzi yuko. Alichukua likizo ya masomo, mlango nyuma yake ulikuwa wazi. Baba yake alikuwa wakili, chakula hakikuwa swali.

Na kwa bweni lake pale Harvard aliishi na kijana anaitwa Steve Ballmer. Ballmer hakutoka. Alimaliza digrii mwaka 1977, baadaye akaenda kufanya MBA pale Stanford. Mwaka 1980 akaiacha MBA katikati, juu rafiki yake wa bweni alimwita Microsoft. Alikuja kuongoza hiyo kampuni kutoka 2000 hadi 2014. Huyo jamaa aliacha MBA, ndio, na mimi ningemtumia kwa video bila aibu. Lakini aliiacha akiwa ameitwa, na aliyemwita walikutana chuoni.

Hiyo ndiyo tofauti ambayo nimekaa miaka mitatu bila kuisema. Kuna kuacha chuo ukienda mahali. Na kuna kutoka tu, nguo kwa begi, huendi popote. Kwa picha wote wawili wanafanana, mtu ametoka getini na begi mgongoni. Mimi nilikuwa wa pili nikajiuza kama wa kwanza. Nilipata kontenti baadaye, kwa bahati na kwa kukesha, na sitajidharau, nimefanya kazi. Lakini kwa kila mmoja wangu kuna wangapi waliotoka hivyo hivyo na hawana video?

Nilipofika nyumbani nilimtafuta yule kijana wa kopa nyekundu. Nikampigia. Akafurahi sana, akaniita mkubwa. Nikamuuliza maswali ya yule dada. Karo? Imelipwa, baba yake aliuza ndama. Alama? Amepita zote. Shida? Kozi haipendi, alipangiwa, na anaona wenzake mtaani wanatengeneza pesa. Ukitoka unaenda wapi? Kimya. Alafu akasema, "Si nitaanza tu kama wewe."

Nikamwambia kila kitu. Kadi ya mtihani, 61,500, kitanda cha binamu. Nikamwambia kama kozi ni mbaya, aende ofisi ya idara aulize kuhusu kubadilisha, na kama bado anataka kutoka basi aombe kusimamisha masomo kwa barua, apate nakala, aache mlango wazi. Video anaweza kurekodi hata akiwa na kitambulisho cha mwanafunzi mfukoni.

Akanyamaza sana. Alafu akasema, "Kwa hivyo ulitudanganya?"

"Ndio."

Akakata simu. Niliangalia baadaye, ameacha kunifuata. Sijui kama amerudi chuo au la. Nimemwandikia mara mbili, hajajibu, na sina haki ya kukasirika.

Sasa, maoni yangu kuhusu MBA, juu najua kuna wale walikuja kwa hiyo. Kama una digrii na umefanya kazi miaka michache, nenda kwa hayo maonyesho. Ni bure na sambusa ni nzuri. Lakini usiulize maswali ya brosha. Uliza jumla yote ni ngapi, karo na nyumba na chakula na mshahara utakaokosa. Uliza Wakenya waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi leo, na kama unaweza kuongea na wawili. Uliza kama visa itakuruhusu kufanya kazi huko ukimaliza. Ukipewa mkopo, uliza ni wa sarafu gani, juu mshahara wako wa Nairobi haulipwi kwa dola. Na ujiulize mwenyewe kama unachohitaji ni masomo, ni karatasi, au ni watu. Ukiwa unahitaji watu, jaribu kwanza kuhesabu ulio nao.

Kama huna digrii, kama mimi, usijaze kile kisanduku chenye kanyota. Nimekijaza, na nawaambia kile kitu kina uzito kuliko unavyofikiri. Profesa alinisifu kwa jambo ninalolijua kabisa, na sikuweza kulifurahia mpaka leo, juu aliyesifiwa ni yule wa kwa beji.

Jumatatu nilipiga simu chuoni kwangu. Mama mmoja wa ofisi ya fedha akaniuliza nambari ya usajili. Nilikuwa bado naikumbuka kwa kichwa, yote, na mikwaju yake. Akasema deni ni lile lile, 61,500, halijaongezeka. Kuhusu kurudi, niandike barua. Kuhusu zile alama mbili, akasema niende idarani. Tukacheka wote wawili.

Barua sijaandika. Bado nafikiria kama nataka kurudi au nataka tu kuacha kuona aibu, na hivyo ni vitu viwili. Lakini nilimpigia mathee nikamwambia kuhusu profesa na floti. Hakushangaa. Akaniuliza, "Na ulimwambia kuhusu siku ile noti zilinyeshewa?" Nikamwambia nilisahau. Akasema hiyo ndiyo ilikuwa muhimu.

Ile video ya karatasi nimeiondoa. Kazi kadhaa zitaenda nayo, najua. Na pale mlangoni Jumamosi, tulipokuwa tunatoka, msichana alikusanya beji zote. Alichukua plastiki na kamba ya bluu, juu hizo wanatumia tena. Kilichokuwa ndani akanirudishia. Bado kiko kwa koti, na koti nalirudisha kesho.